Mkono, Toleo la Kwanza

Karakana, 3 Februari

Mpwa wangu Kijiti,

Salamu atakuandikia mkazamjomba wako, yeye ndiye mwenye subira ya kuuliza habari za mvua na mafua. Mimi nina langu. Ninaandika mwenyewe, kwa penseli ya kupimia mbao, wala usiniambie nipige simu. Neno la simu mtu hulikana kesho yake.

Kompyuta ya karakana imekufa. Ilitoa harufu ya mpira unaoungua, ikazima, basi. Binti Waya, yule fundi wa kompyuta aliyepanga chumba cha pili kutoka kwangu, ameniuzia nyingine iliyotumika. Akachukua diski ya ile ya zamani na kuhamisha kila kitu. Sasa programu yako ya kuchonga inagoma. Ukiifungua inaandika mstari mmoja na kufa. Binti Waya anasema inatafuta maktaba za matoleo ya zamani, na Linux, yaani mfumo unaoiendesha kompyuta hii, haina hizo, ina mpya. Nikamuuliza maktaba gani tena, mimi nachonga milango. Akacheka mpaka akashika meza.

Sikiliza. Nimepata kazi ya milango ya mahakama. Mahakama, si bucha. Milango mikubwa ya mvule, na kila ubao umejaa majani yangu toka chini hadi juu. Watu wa mahakama walizunguka kwa mafundi wengine kwanza, huko wakaongea sana. Walipofika kwangu wakanyamaza. Mtu akinyamaza mbele ya kazi yangu najua ameshanunua. Hakuna katika mji huu anayechonga jani kama mimi, na wewe unajua, maana ndiwe uliyekaa msimu mzima wa mvua pembeni ya meza yangu ukipima kila jani, patasi inaingia wapi, inatokea wapi, hadi ukauingiza mkono wangu ndani ya mashine. Milango hii ningeweza kuichonga yote kwa patasi nikiwa nimefumba macho. Lakini wana haraka, na mashine nimeinunua ya nini?

Tuma dawa.

Mjomba wako,
Fundi Patasi


12 Februari

Shikamoo mjomba,

Pole kwa kompyuta. Usimkasirikie Binti Waya, anasema kweli.

Programu haibebi kila kitu chake. Ni kama mafundi wa karakana moja wanaotundika randa na misumeno kwenye ukuta mmoja, ili kila mtu asinunue yake. Ukuta huo ndio maktaba ya pamoja. Programu yako ya milango, ya vitanda na ya viti, zote zinaazima mkono wako kwenye maktaba moja niliyoiita Mkono. Na Mkono nao unaazima vifaa kwenye ukuta wa Linux yenyewe. Linux mpya imebadilisha vifaa. Programu inanyoosha mkono pale ilipozoea kukuta randa, inagusa ukuta mtupu, inaanguka.

Nimeijenga upya kwenye kompyuta ya huku, iko kwenye flashi hii. Onyo moja tu. Iko maktaba ambayo ni mama wa zote. Kila amri ya kompyuta inapitia kwake. Hiyo usiiguse, na usimruhusu mtu aiguse. Programu ikigoma kwa sababu yake, niandikie kwanza.

Kazi yangu ni nzuri. Ni mambo ya mashine, hayo hayo tu. Milango ya mahakama imenifurahisha hadi nimewasimulia wenzangu.

Mwandiko wako unapanda na kushuka kama ngazi mbovu. Mwachie mkazamjomba aandike, yeye alimaliza darasa.

Mpwa wako,
Kijiti


Karakana, 24 Februari

Mpwa wangu Kijiti,

Flashi imefika. Programu imegoma. Nimelitanguliza hilo ili ujue hali yangu.

Safari hii ugomvi ni mwingine. Binti Waya amesoma kwenye kioo: programu yako inataka maktaba mama ya toleo jipya kuliko iliyopo hapa. Ile ya zamani ilikuwa kuukuu mno kwa kompyuta hii, na hii yako ni changa mno. Kompyuta yangu imebaki katikati kama mtu aliyealikwa arusi mbili siku moja akakosa chakula kote.

Nikauliza hiyo maktaba mama mpya inapatikana wapi. Akasema hata kwenye kompyuta yake ipo. Nikamwambia ilete tuiweke. Akakataa, akanisomea onyo lako kama vile mimi sina macho. Nikamweleza kuwa nimewahi kubadilisha bawaba za lango zito huku lango limesimama, yeye hajazaliwa. Akakataa tena, akaenda kupokea mteja. Basi nikamwita jamaa mmoja anayejifanya anajua kompyuta, akanakili lile faili kutoka kompyuta ya Binti Waya na kuliweka juu ya la kwangu.

Kompyuta ikafa macho yakiwa wazi. Kioo kinawaka, lakini ukiiambia orodhesha mafaili, haiorodheshi. Nakili, hainakili. Hata kuzima inakataa. Yule jamaa akakumbuka ghafla kwamba ana mgonjwa nyumbani.

Binti Waya akarudi. Aliiwasha kompyuta kwa diski ya pembeni, akairudisha maktaba mama ya mwanzo mahali pake. Alikuwa amenuna. Na mimi nilinuna, kwa kuwa kosa ni lako. Ungenitengenezea programu inayolingana na kompyuta yangu, nani angegusa mama wa mtu?

Swali moja. Kwa nini usiijenge upya ile ile ya zamani? Mimi nataka ile ile. Watu wa mahakama wanakuja kutazama ubao wa kwanza.

Mjomba wako,
Fundi Patasi


26 Februari

Kaka Kijiti,

Hunijui, ila mimi ndiye ninayempelekea mjomba wako barua posta, kwa hiyo anwani yako nimeizoea. Ndimi Binti Waya. Jina sikulichagua.

Nina mambo mawili ambayo yeye hatakuandikia.

La kwanza ni mkono wake. Unatetemeka, na si kidogo. Chai anainywa akiwa amegeukia ukuta. Mtu akiingia karakana, anauchomeka mkono wa kushoto ndani ya aproni na kuanza kufoka kuhusu bei ya mbao. Patasi zake zimenolewa na kupangwa vizuri, lakini sijaona hata moja ikigusa ubao tangu nihamie hapa. Akisema angeichonga milango akiwa amefumba macho, wateja wanacheka na kumwamini. Bila mashine hana milango. Na milango hiyo ikimponyoka, nadhani karakana ataifunga.

La pili ni lako. Niliiambia kompyuta inionyeshe kila maktaba inayoitwa na programu uliyotuma. Ile ya zamani inaita Mkono, toleo la kwanza. Hii yako inaita Mkono, toleo la pili. Nikalichungulia faili la toleo la pili ndani, nikakuta jina la kiwanda cha samani. Milango ya kiwanda hicho inauzwa hata huku, kwenye duka lililo nyuma ya kituo cha mafuta. Nimekwenda kuitazama. Ina majani.

Sijamwambia. Lakini mimi siwezi kukaa na kitu rohoni, kwa hiyo jibu upesi.

Binti Waya


5 Machi

Dada Binti Waya,

Nakuomba usimwambie. Nitamwambia mwenyewe, uso kwa uso, milango ikishamalizika.

Nilipofika huku sikuwa na cha kuonyesha ila Mkono. Nikawaonyesha, wakanipa kazi, wakauweka kwenye mashine zao zote. Siku naondoka mjomba aliniuliza kama mkono unabaki. Nikamjibu unabaki. Na ulibaki, nilichobeba mimi ni nakala.

Baadaye kiwanda kikaona majani yanachelewesha mashine kwa sababu hakuna mawili yanayofanana. Wakaniambia niyasawazishe. Hilo ndilo toleo la pili. Nililiandika juu ya la kwanza, kwa hiyo maandishi yangu ya mwanzo hayapo tena, na toleo la kwanza siwezi kulijenga upya hata nikitaka. Lililobaki ni lile faili la kwenye diski yake, ambalo ni la mashine kusoma, si la mtu.

Flashi hii nyingine itafanya kazi. Nimeifungia programu na maktaba zake zote ndani ya folda moja, maktaba mama wake akiwemo. Itaazima kwenye zake, haitagusa za mfumo. Macho ya mjomba si kama zamani, hataona tofauti.

Kuhusu mkono wake sikujua. Nilidhani mwandiko ule ni wa mtu asiyesoma sana.

Kijiti


Karakana, 17 Machi

Kijiti,

Programu imefanya kazi. Hongera. Mashine imeimba, ubao umetoka safi, na Binti Waya akatazama sakafu badala ya kutazama ubao. Hapo nikajua pana jambo.

Nikaupeleka ubao dirishani. Jani ni langu, halafu si langu. Mimi natumia kushoto. Patasi yangu inaingilia pale mafundi wengine wanapotokea, ndiyo maana mshipa wa katikati wa jani langu unalala kidogo, kama mtu aliyeegemea mlango anasikiliza yanayosemwa ndani. Na kila jani linalala kwa namna yake. Haya ya kwako yamesimama wima yote, kama askari wanaosubiri kukaguliwa. Mtu amelichana jani langu nywele na kulipaka mafuta.

Nikamwambia Binti Waya aseme au atoke. Akasema. Akanipeleka hadi lile duka nyuma ya kituo cha mafuta. Nimesimama mbele ya milango ya kiwanda chako natazama majani yangu, yameota kwenye mbao nyepesi za kubandikwa gundi. Muuzaji akaja kunichangamkia. Akasema, "Mzee, huu mchongo ni wa kiwandani. Huwezi kuupata kwa hawa mafundi wa mitaani."

Nikaugusa mshipa wa jani kwa kidole. Umesimama wima. Nikatoka.

Nilikulea. Silitaji ili unishukuru, dada yangu alipofariki ungekwenda kwa nani? Nalitaja kwa sababu siku ile unaondoka nilikuuliza mbele ya mkazamjomba wako, mkono unabaki? Ukasema, "Unabaki, mjomba." Nikakuamini, nikatembea mitaani nikikusifu hadi watu wakaanza kunikwepa. Kumbe kilikuwa kilemba cha ukoka, na mimi nimekivaa nikajiona nimependeza. Na hata juzi, ulipojua kwamba nataka ile ile ya zamani, ukaniletea ya kiwanda ukaiita yangu. Ulifikiri sitalijua jani langu? Angenizunguka mtu wa nje ningesema ni biashara.

Programu yako nimemwambia Binti Waya aifute. Ubao nimeupasua kuni.

Fundi Patasi


27 Machi

Shikamoo mjomba,

Sikukuibia. Mtu akiiba patasi, ukutani panabaki pengo. Mkono wako uko pale pale kwenye diski yako, haujapungua hata ukucha. Nilichukua nakala, nikaiweka mahali ambapo wengine wanaweza kuiazima. Majani yako sasa yako kwenye nyumba za watu ambao wasingefika kamwe kwenye karakana yako. Wewe unayependa kusifiwa, hilo nalo ni baya?

Na kama ni kufichana, tumefichana. Binti Waya ameniambia kuhusu mkono wako. Kwa nini hukuniandikia? Ningekuja. Badala yake unaniandikia habari za kufumba macho.

Nimezungumza na wakubwa wangu hapa. Wanasema uje ukae nao, hutafanya kazi, ni kiti tu, wageni wakija wakusalimie. Jina lako litachapwa kwenye milango. Hata ile ya mahakama wanaweza kuichonga huku kwa toleo la pili na kuileta ikiwa tayari. Hutajisumbua tena. Mimi nimeona ni jambo la heshima.

Mpwa wako,
Kijiti


Karakana, 11 Aprili

Kijiti,

Kwa hiyo mlikuwa wawili. Wewe unanizunguka kutoka mbali, na huyu wa chumba cha pili anaandika barua kuhusu mkono wangu huku akinunua stempu kwa hela yangu.

Nilimfungia mlango. Akabisha, nikajifanya sipo, ila nikakohoa. Akaanza kuzungumza na mlango. Akasema, "Mzee, nilimwandikia kwa sababu nilidhani ni mwanao. Mimi nimekuja kwa ajili ya kompyuta. Wewe endelea kununa huko huko, hunisumbui."

Nikafungua. Sikumsalimia.

Alikuwa na wazo ambalo wewe na kiwanda chako chote hamkulifikiria, au hamkutaka kulifikiria. Hakuibadilisha programu, wala hakuubadilisha mfumo. Amejenga chumba ndani ya kompyuta. Humo ameweka Linux ya miaka ile, na ukuta wake wote, maktaba za wakati ule, na mama yao wa wakati ule. Kisha akaiingiza programu yangu ya zamani pamoja na Mkono, toleo la kwanza, akafunga mlango. Humo ndani programu inadhani miaka haijapita. Kila inaponyoosha mkono inakuta kifaa chake. Nje ya chumba kompyuta inaendelea na mambo yake, hawagusani.

Mashine ikaanza. Jani la kwanza likalala. La pili likalala kivingine. Binti Waya akaniuliza kama ndiyo yenyewe, nikajifanya natafuta msasa.

Watu wa mahakama walikuja, wakanyamaza. Milango inaendelea.

Sasa kuhusu mkono wangu. Ndiyo, unatetemeka. Kijiko kinagonga kikombe. Nilikuficha kwa sababu nilitaka awepo mtu mmoja duniani anayenijua kwa mkono ule wa zamani tu, nikakuchagua wewe. Wengine wote wangeniona ninavyomwaga chai, lakini huko uliko, nilikuwa bado mzima. Ndivyo nilivyodhani. Kumbe huko uliko umenichana nywele na kunisimamisha wima kama wengine.

Kiti cha kiwandani wakalie wao. Jina langu wasilichape popote. Mlango wa gundi ukipasuka watu watasema ni mimi.

Fundi Patasi


2 Juni

Shikamoo mjomba,

Nilikuja. Hukuniona. Niliingia mahakamani na watu wenye kesi, nikasimama mbele ya milango hadi mlinzi akaniuliza mimi ni shahidi wa nani. Nikamwambia natazama tu.

Nilikuwa nimesahau, mjomba. Nimekaa na toleo la pili muda mrefu hadi nikaamini nimelitengeneza vizuri. Pale mlangoni nilitafuta majani mawili yanayofanana, nikakosa. Nikakumbuka nilivyokuwa nikikuuliza kwa nini hili limelala zaidi, na wewe unanijibu kwamba mbao ndiyo iliyotaka. Nililifuta hilo. Nilikaa mezani siku moja, nikalifuta, nikapongezwa.

Nilifika hadi kona ya karakana. Nilisikia mashine, nikasikia unamfokea mtu. Nikageuka, nikaondoka.

Kiwanda nimekiacha, kwa hiyo si kwa ajili yao. Naomba nakala ya Mkono, toleo la kwanza. Ni kwa ajili yangu mwenyewe, nikae nayo, nijaribu kusoma nilichokuwa nimeandika. Binti Waya anaweza kunitumia bila wewe kujua, na sikumwomba. Nakuomba wewe.

Mpwa wako,
Kijiti


Karakana, 14 Juni

Kijiti,

Unafika mahakamani, unafika konani, nyumbani hufiki. Mkazamjomba wako alilia. Mimi niliingiwa na unga wa mbao machoni.

Niliyekuwa namfokea ni Binti Waya. Anataka kuweka nakala ya kile chumba kwenye kompyuta yake, eti hii ikiungua kama ile. Nimemkubalia, baada ya kufoka. Aliomba kwanza.

Na wewe umeomba. Barua yako nimeisoma, na mstari huo nimeurudia kuliko yote, kwa sababu ni mara ya kwanza. Ulipoupima mkono wangu nilikaa nawe msimu mzima, nikakupa. Ulipouchukua kwenda nao hukuniuliza. Ulipoubadilisha hukuniuliza. Leo umesimama mlangoni ukasema, naomba. Hivyo ndivyo mtu anavyofanya, na nimefurahi kuona bado unajua kuomba.

Jibu ni hapana.

Nilimpa mkazamjomba wako aisome. Akasema barua haiwezi kwenda hivi, niongeze hata neno moja. Nimekaa nayo tangu asubuhi, na penseli imeisha. Nimeongeza:

Hapana, mpwa wangu.

Fundi Patasi